Trekta za zamani za bustani: Hi au Lo? Chagua gia kulingana na kazi, resi iache juu

Shamba_Iowa:
Wakuu salaam. Huku Marekani theluji ikianza kuyeyuka tu meseji zinaanza kuingia, Wabongo na Wakenya waliopata nyumba zenye kiwanja kikubwa wanaulizia hizi trekta ndogo za zamani za bustani na swali ni lile lile, "mkuu nimeona moja ina gia tatu tu, nyingine ina mkono wa pili umeandikwa Hi na Lo, nichukue ipi na huo mkono wa pili nautumiaje?" Nimejibu inbox mpaka basi, leo namwaga yote hapa, mwenye swali aulize humu humu wengine wafaidike.

Tuelewane kwanza mashine yenyewe. Siongelei zile za kukata nyasi za siku hizi zenye bodi ya plastiki. Naongelea vyuma vya miaka ya 60 na 70, Wheel Horse za South Bend kule Indiana, Cub Cadet ya International Harvester iliyoanza 1961, John Deere 110 ya 1963, Bolens na ndugu zao. Nyingi zimefungwa injini ya Kohler ya silinda moja, bloku lote chuma, inapozwa kwa upepo, na giaboksi lina gia za chuma kweli kweli zinazoogelea kwenye oili. Mashine ina miaka zaidi ya 50 na bado inalima.

Sasa gia. Zipo zenye giaboksi la kawaida, gia tatu mbele na moja ya nyuma, basi. Halafu zipo zenye mkono wa pili, na huo mkono unaziweka gia zote zile zile kwenye hatua mbili, upande wa Hi wa mwendo na upande wa Lo wa nguvu. Wheel Horse wakiandika "8-speed" usije ukadhani ni gia nane za kwenda mbele, ni tatu mbele na moja nyuma mara mbili, yaani sita mbele na mbili nyuma. Muuzaji asikuchanganye hapo.

Jambo ambalo natamani kila anayenunua hizi mashine alishike ni hili: Lo haikuwekwa ili wewe uende polepole tu. Kwenda polepole hata ukishusha resi utaenda polepole. Lo imewekwa ili magurudumu yatembee polepole HUKU INJINI IKIWA KWENYE RESI KAMILI. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na watu wengi wanayachanganya, unamkuta mtu anatifua bustani akiwa Hi gia ya kwanza, resi robo, mashine inakohoa, udongo unatoka mabonge, halafu anakuja kusema trekta za zamani hazina nguvu.

Angalia inavyofanya kazi. Visu vya kukatia nyasi, tila ya kutifua udongo, mashine ya kurusha theluji, vyote vinachukua mzunguko moja kwa moja kwenye injini kwa mkanda au shafti. Havijui gia uliyoweka. Ukishusha resi ili trekta ipunguze mwendo, visu navyo vinapunguza, nyasi zinalala badala ya kukatwa, tila inaburuta badala ya kuchanja, theluji inamwagika miguuni badala ya kuruka pembeni. Halafu zile Kohler zilipimwa nguvu kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Modeli yao ya K241 inaitwa ya hp 10, hiyo hp 10 iko kwenye 3,600, ukiishusha nusu ya hapo nguvu haipo tena, imebaki sauti tu.

Na kuna la afya ya injini. Haina rejeta wala pampu ya maji, feni yake imechongwa kwenye flaiwili, kwa hiyo injini ikizunguka polepole upepo unapungua wakati mzigo ni ule ule, joto linapanda. Oili nayo hairushwi na pampu, kuna kijiko chini ya konrodi kinachota oili na kuirusha juu kila mzunguko. Resi ndogo na mzigo mkubwa kwa muda mrefu ndio adhabu mbaya kuliko zote unayoweza kuipa injini ya aina hii. Kwa hiyo resi juu, mwendo unautafuta kwenye mkono wa gia. Uzi tayari, karibuni.

Mama_Sukuma:
Asante sana kaka kwa maelezo. Mimi niko Minnesota, nyumba iko na ekari moja hivi, karibu yote ni nyasi, na nyuma nimetenga kashamba kadogo ka sukuma wiki na managu, futi 30 kwa 40. Kuna mzee jirani anauza Cub Cadet, iko na gia tatu tu, hakuna hiyo mkono ya pili. Ni nzuri ama nisubiri?

Shamba_Iowa:
Dada, kama kazi yako kubwa ni nyasi hiyo chukua wala usisite. Kukata nyasi kunataka mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, maili 3 mpaka 4 kwa saa, na gia tatu zinatosha kabisa, nyasi ndefu au zenye umande gia ya kwanza, nyasi za kawaida ya pili, ya tatu ni ya kurudi nyumbani. Halafu Cub Cadet za wakati ule zina sifa moja naipenda sana, nguvu inatoka kwenye injini kwenda giaboksi kwa shafti na klachi ya sahani, hakuna mkanda wa kuteleza njiani.

Tatizo lake litakuja ukitaka kufunga tila. Gia ya kwanza kwenye resi kamili inakimbia mno kwa tila, udongo haupati muda wa kuchambuliwa. International walikuwa wanauza gia ya ziada ya kutambaa kwa ajili hiyo hiyo, ina mkono wake mdogo wa peke yake, baadhi ya mashine zilifungiwa tangu kiwandani na nyingine baadaye. Muulize huyo mzee kama anayo, au chungulia mwenyewe kama kuna mkono wa ziada karibu na miguu. Kama ipo umeokota dhahabu. Kama haipo, kwa shamba la futi 30 kwa 40 usihangaike, kodi tila ya kusukuma kwa mikono siku moja msimu ukianza, umemaliza. Usilipe hela nyingi ya mashine kwa kazi ya asubuhi moja kwa mwaka.

Kipanga_TZ:
Mkuu umesahau haidroli. Si kuna zile hazina gia kabisa, unasukuma mkono mbele inaenda, unarudisha nyuma inarudi? Hapo habari ya Hi na Lo si inaisha?

Shamba_Iowa:
Sijasahau mkuu nilikuwa naifikia. Zipo, Cub Cadet walitoa modeli ya 123 katikati ya miaka ya 60 na John Deere wakaja na modeli ya 140 mwaka 1968. Hizo pampu inasukuma oili kwenye mota na mwendo unauchagua kwa mkono kama unavyofungua bomba, kuanzia sifuri. Kwa mtu wa kusukuma theluji mbele nyuma mbele nyuma hiyo ni raha, hukanyagi klachi kila dakika. Tena inafuata kanuni ile ile ninayoisema, resi iko juu muda wote, mwendo uko kwenye mkono.

Ila kuna mambo mawili. Moja, kila oili inaposukumwa sehemu ya nguvu inageuka joto, hivyo kwenye injini ya hp 10 au 12 utaiona tofauti ukifunga plau. Pili, haidroli ya miaka 50 ikichoka ndani haikwambii siku ya kununua, asubuhi ikiwa baridi inavuta vizuri, ikishapata moto nusu saa inaanza kulegea kilimani. Kwa hiyo ukienda kuijaribu usikubali kuiendesha dakika tano, izungushe mpaka oili ipate joto ndio uipandishe mlima. Gia za chuma zenyewe zikiwa na shida zinapiga kelele mapema.

Na katikati yao kuna John Deere 110 za mwanzo, gia tatu lakini kuna mkanda kwenye puli zinazobana na kuachia, unabadilisha mwendo ukiwa unatembea bila kugusa resi. Wazo zuri sana lile. Ila mkanda ukichakaa au puli zikiliwa mwendo unaanza kuyumba, jaribu mkono wake toka mwanzo mpaka mwisho kabla hujatoa hela.

Mkulima_wa_Nyanda:
Salamu kutoka Iringa. Huku hatuna hivyo vitrekta vyenu, tuna Massey Ferguson 135 ya zamani na yenyewe ina Hi na Lo. Nalima na plau la diski tatu, haro ya kuvunja mabonge, na trela ya kubeba mahindi. Hiyo kanuni yako ya resi juu muda wote nikiifuata diseli itaniua, mimi haro nyepesi navuta Hi gia ya kwanza na resi ya kati na kazi inaenda vizuri tu. Unasemaje?

Shamba_Iowa:
Mkuu uko sahihi na nashukuru umeileta maana hapa ndipo kanuni inapotaka akili. Ile ni injini ya Perkins ya diseli silinda tatu, ina rejeta, ina pampu ya oili, na nguvu yake kubwa ya kuvuta inapatikana resi ikiwa chini sana ya ile ya mwisho. Kazi ya KUVUTA tu, haro nyepesi, trela isiyojaa, kupanda gia na kushusha resi kunaokoa mafuta na wakulima wa dunia nzima wanafanya hivyo. Mpaka wake unausikia na kuuona, ukigusa mafuta injini ikajibu uko salama, ukigusa ikabaki inaguna na moshi mweusi unatoka umeshaibana, teremsha gia.

Lakini kazi ya PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine nyingine, ni habari nyingine. Ukifunga mashine ya kupukuchua mahindi, pampu ya maji au mashine ya kufyeka, hizo zinataka mizunguko 540 kwa dakika na kwenye ile saa ya resi kuna alama ya PTO, hapo ndipo unakaa, mwendo wa chini unautafuta kwa Lo. Kufyeka kichaka ukiwa Hi na resi umeshusha ni yale yale ya mtu wa tila niliyemsema juu.

Na ile 135 yenye gia sita ni giaboksi la gia tatu mara mbili, mawazo ni yale yale ya hizi ndogo za huku. Kwa plau la diski kwenye udongo mkavu mgumu mimi ningeanza Lo ya tatu, udongo ukiwa umelowa kiasi jaribu Hi ya kwanza, sikiliza injini ikwambie. Halafu ule mkono wa Hi na Lo ndio wenye usalama wa starta, mpaka uwe katikati ndio inawaka. Kama fundi ameiruka ile swichi mwambie airudishe, trekta kuwaka ikiwa kwenye gia inaua mtu.

Mkulima_wa_Nyanda:
Imerukwa kweli. Nitamwambia.

Fundi_Wa_Mtaa:
Nataka kuongezea kwa wanaonunua hizi zenye range mbili, yaani Hi na Lo. Kuna inayoruka, unaweka Lo unafika kilimani inajitoa yenyewe. Wapimeje hilo?

Shamba_Iowa:
Swali zuri sana fundi. Ikiruka maana yake meno yanayoshikana yameliwa kwenye pembe, au uma unaosukuma gia umepinda, au ile springi na gololi vinavyoshikilia mkono vimechoka. Springi ni ya bei ndogo, gia zenyewe ni kufungua giaboksi lote na spea za zamani ni za kuwinda.

Namna ya kuijaribu ni hivi. Sehemu tambarare, klachi chini, mashine IMESIMAMA, ingiza Lo. Hizi gia hazina cha kuzilinganisha mwendo kama za gari, meno yanaingiliana makavu, ukibadilisha ikiwa inatembea ndio hivyo pembe zinaliwa na ndivyo wengi waliotangulia walivyoziua. Ikigoma kuingia usiilazimishe, achia klachi kidogo sana shafti izunguke nukta moja, kanyaga tena, itaingia. Halafu panda nayo kilima ukiwa Lo, resi juu, kisha rudi na gia ya nyuma ukiwa Lo vile vile, maana nyingi zinaruka nyuma tu. Ondoa mkono wako kwenye kijiti kabisa, wauzaji wengine wanaendesha huku wamekishikilia kwa goti na wewe hujui.

Ukishuka fungua kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa maji yameingia, mara nyingi kwa juu kwenye mpira wa mkono wa gia kwa sababu mashine ililala nje miaka. Hiyo peke yake si mwisho wa dunia, unaimwaga, unasafisha, unaweka mpya, lakini ikiwa na vumbi la chuma linalong'aa ndani yake shusha bei au ondoka.

Mama_Sukuma:
Na mlima je? Kwangu driveway inashuka sana na wakati wa snow inakuwa kioo.

Shamba_Iowa:
Dada hili lisome mara mbili. Chagua gia KABLA ya kuanza kushuka, na ushuke nayo hiyo hiyo mpaka chini bila kukanyaga klachi. Gia ndogo yenyewe inaishika mashine. Na kwa wenye range mbili, usiguse mkono wa Hi na Lo ukiwa kwenye mteremko hata kama umesimama, kwa sababu kutoka upande mmoja kwenda mwingine unapita katikati, na pale katikati hakuna kitu kinachoyaunganisha magurudumu na injini. Mashine nyingi za aina hii breki yake iko kwenye shafti ya giaboksi, haiko kwenye gurudumu, kwa hiyo kwenye baadhi yake ukiwa pale katikati unakanyaga breki na magurudumu yanaendelea zake. Ijue ya kwako ikiwa tambarare, weka mkono wa range katikati, mwingine akanyage breki, wewe isukume. Ikitembea umeshapata jibu.

Kwa kioo cha barafu gia peke yake haitoshi, funga minyororo kwenye tairi za nyuma na vyuma vya uzito kwenye rimu. Lo inaongeza nguvu kwenye ekseli lakini haiongezi mshiko wa tairi, ukiwa mwepesi tairi zinazunguka palepale. Na kinyume chake pia kina hatari yake, ukishafunga uzito na minyororo na uko Lo, ukigonga kisiki au ukingo wa zege injini haizimi kama ingezima kwenye Hi, inaendelea kusukuma mpaka kitu kivunjike, na kinachovunjika kiko ndani ya difu. Kwa hiyo ukiwa na blade ya theluji nenda taratibu karibu na kingo.

Kipanga_TZ:
Sasa mkuu hizo maili kwa saa unazozitaja mtu anazijuaje, hizi trekta hazina spidomita.

Shamba_Iowa:
Rahisi sana, na kila mwenye trekta aifanye siku moja tu halafu aandike kwa rangi kwenye feni kava. Pima futi 88 kwenye uwanja tambarare, ni karibu mita 27, chomeka vijiti viwili. Resi kamili, anza nyuma ya kijiti cha kwanza ili ufike ukiwa umeshachanganya, saa ya simu mkononi. Futi 88 kwa dakika moja ni maili 1 kwa saa kamili. Sekunde 30 ni maili 2, sekunde 20 ni maili 3, sekunde 15 ni maili 4. Pima kila gia, Lo zote na Hi zote.

Ukishapata namba zako mambo yanajipanga. Nyasi, sekunde 15 mpaka 20. Plau, sekunde 20 mpaka 30, kwa sababu plau linataka mwendo kidogo ndio udongo ugeuke, ukienda polepole mno linachimba mfereji na tonge linarudi palepale, ndio maana nakasirika nikiona mtu analima na plau kwenye Lo ya kwanza eti udongo mgumu. Tila, futi 88 zichukue dakika nzima au zaidi. Theluji nzito iliyolowa, kama tila, theluji kavu ya unga unaweza kupanda mpaka mwendo wa plau.

Utagundua pia kwamba kwenye mashine nyingi Lo ya tatu na Hi ya kwanza zinakaribiana sana mwendo. Mwendo ukikaribiana hivyo mimi nabaki upande wa Lo siku ya kazi nzito, kwa sababu udongo ukibadilika ghafla nina gia mbili za kushuka bila kugusa mkono wa range.

Fundi_Wa_Mtaa:
Mwenye kila kazi, nyasi, bustani na theluji, na ana hela ya mashine moja tu?

Shamba_Iowa:
Giaboksi la gia zenye Hi na Lo, hp 10 mpaka 14, iwe Wheel Horse ya 8-speed au Bolens ya gia sita, yoyote utakayoipata yenye vifaa vyake. Na hapo kwenye vifaa sikiliza, tila na mashine ya theluji za miaka ile mara nyingi zinaingia aina moja tu ya trekta na kuzitafuta baadaye peke yake ni ghali na ni usumbufu. Ukikuta trekta imechubuka rangi lakini inauzwa pamoja na tila, blade na deki yake ya visu vya nyasi, na ile nyingine inang'aa lakini iko uchi, chukua iliyochubuka.